Mji wa Pullman: Kodi, Ujira na Njia ya Kwendea Kazini

Kusini ya mji wa Chicago, yapata maili 14 kutoka katikati yake, kando ya ziwa dogo liitwalo Calumet, palikuwa na nyika yenye majimaji ambayo hapo 1879 haikuwa na thamani kubwa machoni pa watu. Reli ya Illinois Central ilipita karibu, na juu ya mwinuko wa upande wa magharibi palikuwa na kijiji cha wakulima wenye asili ya Uholanzi kiitwacho Roseland. Mwaka uliofuata mafundi waliingia katika nyika ile, wakachimba udongo wa ziwa wakafanya matofali, na kabla ya miaka mitano kutimia pakasimama mji wa watu zaidi ya 8,000. Mji ule uliitwa Pullman, kwa jina la mtu mmoja aliyeumiliki wote, kwa njia ya kampuni yake, tangu kiwanda hata kanisa.

George Pullman alizaliwa katika jimbo la New York mwaka 1831, akapata utajiri wake kwa kutengeneza mabehewa ya kulalia ya garimoshi. Kampuni yake iliundwa mwaka 1867. Kazi ilipozidi, alitaka mahali pa kujenga karakana kubwa, akanunua kwa siri ekari 4,000 hivi nje ya mji. Sababu za kwenda mbali zilikuwa mbili. Ya kwanza, ardhi ya nje ilikuwa rahisi. Ya pili, Chicago ya siku zile ilikuwa na vilabu vya pombe, nyumba chafu, na migomo. Na mwaka 1877 mgomo mkuu wa reli ulikuwa umetia hofu matajiri wote wa Marekani. Pullman aliona kwamba mtumishi akiondolewa katika msongamano ule, akapewa nyumba safi na hewa safi, atakuwa mtulivu, atafanya kazi vema, wala hatasikiliza maneno ya wachochezi.

Lakini uamuzi wa kukipeleka kiwanda mbali na mji huzaa swali ambalo kila tajiri wa namna hiyo hulikuta mbele yake, nalo ni hili: wafanyakazi watalala wapi? Maili 14 si mwendo wa mguu wa kila siku kwa mtu asimamaye kazini saa kumi. Nauli ya garimoshi, hata ikiwa ndogo, hukata ujira kila asubuhi na kila jioni. Basi ama tajiri ajenge nyumba mwenyewe, ama awaachie watu wajenge kandokando, ama akubali kupata watumishi wale tu wawezao kulipa nauli. Pullman alichagua kujenga. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu, alichagua kujenga kwa faida.

Yafaa kusema wazi kwamba nyumba zile hazikuwa mbaya. Msanifu wake, Solon Beman, alizipanga kwa safu za matofali zenye barabara pana na miti. Maji yalifika ndani ya nyumba, gesi ya taa ilikuwapo, na maji machafu yalichukuliwa kwa mabomba hadi kwenye shamba la kampuni. Taka ziliondolewa kwa gharama ya kampuni. Palikuwa na soko, shule, jumba la michezo ya kuigiza, maktaba, benki, na hoteli iliyoitwa Florence kwa jina la binti wa tajiri. Mtu aliyetoka katika vyumba vya giza vya Chicago akaingia Pullman hakuweza kukana kwamba ameona tofauti. Wageni walikuja kutoka nchi nyingi kuutazama mji ule, hasa mwaka 1893 wakati wa maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanywa Chicago, nao walirudi kwao wakiusifu.

Walakini mgeni hutazama mji kwa siku moja, na mkazi huulipia kila mwezi. Pullman alikusudia kwamba fedha zilizotumika katika mji zirudishe faida ya asilimia 6 kwa mwaka. Miti, bustani, barabara na maua yote yaliingizwa katika hesabu ile, na mpangaji ndiye aliyeilipa. Kodi ya wastani ilikuwa kiasi cha dola 14 kwa mwezi. Tume ya serikali iliyochunguza habari hizi mwaka 1894 iliona kwamba kodi za Pullman zilizidi kodi za nyumba za namna moja katika Chicago na vijiji vya jirani kwa asilimia 20 hadi 25. Tume haikukana uzuri wa mji. Ilisema tu kwamba uzuri ule, ambao wageni huustaajabia, hauna thamani kubwa ya fedha kwa mfanyakazi, hasa anapokosa mkate.

Mambo mengine yaliongezwa juu ya kodi. Wagomaji wa mwaka 1894 walilalamika kwamba gesi iliyouzwa senti 75 kwa futi elfu katika Hyde Park, jirani kabisa upande wa kaskazini, iliuzwa kwao dola 2 na senti 25. Maktaba ilikuwa na vitabu vizuri lakini ilitaka ada ya mwaka. Kanisa la mawe ya kijani lilipendeza macho, lakini kodi yake ilikuwa kubwa hata likakaa muda mrefu bila jamaa ya waumini wa kulipanga. Pombe haikuuzwa mahali popote ila katika hoteli ya Florence, na huko bei na desturi zake hazikuwa za fundi wa seremala. Aliyetaka glasi ya bia alivuka reli akaenda Kensington.

Na juu ya hayo yote palikuwa na jambo lililowauma watu kuliko bei: nyumba hazikuuzwa. Mfanyakazi angeweza kupanga miaka kumi, akalipa bila kukosa, asipate hata tofali moja kuwa lake. Mkataba uliweza kuvunjwa kwa taarifa ya siku 10. Mwanachuoni Richard Ely, aliyeukagua mji ule na kuandika habari zake mwaka 1885 katika gazeti la Harper's, alisifu usafi na mpango wake, kisha akaeleza kwamba wakazi walijiona kama watu waliopiga hema kwa muda, si kama watu waliofika nyumbani. Aliona pia kwamba walisema kwa sauti ya chini, wakichelea nani anawasikiliza. Mzaha ulizoeleka miongoni mwao kwamba mtu wa Pullman huzaliwa katika nyumba ya Pullman, husomeshwa na Pullman, na hata akifa hatatoka katika milki ya Pullman.

Hapa ndipo njia ya kwendea kazini inapoingia katika historia hii. Roseland na Kensington hazikuwa mbali. Mtu aliweza kutoka huko kwa miguu akafika karakana kabla ya king'ora kulia. Nyumba za huko zilikuwa za mbao, barabara zake zilikuwa za matope, na maji hayakuwa ya bomba kila mahali. Lakini kodi ilikuwa ndogo, na mtu mwenye akiba kidogo aliweza kununua kiwanja, akajenga vyumba viwili mwaka huu na cha tatu mwaka ujao, akapanda mboga uani, na akapangisha chumba kwa kijana asiye na mke. Kwa hiyo mafundi wengi wenye busara ya fedha walikubali kukanyaga matope asubuhi na jioni ili walale katika nyumba zao wenyewe. Walilipa kwa miguu yao kile ambacho wenzao walikilipa kwa kodi.

Katika hali ya kawaida hiari hii ingetosha kuwa mizani. Kodi ya mjini ikipanda mno, watu wangehamia mwinukoni, na mwenye nyumba angelazimika kupunguza bei. Ndivyo wanavyofundisha wanachuo wa uchumi. Lakini mizani ile haikuwa huru, kwa kuwa mkono uliokuwa ukipokea kodi ndio mkono uliokuwa ukigawa kazi. Kazi ilipopungua, ilijulikana kwamba wapangaji wa kampuni hufikiriwa kwanza, na wale wakaao nje hutangulia kuachishwa. Hapana haja ya amri iliyoandikwa katika mambo kama haya. Neno la nyapara latosha. Kwa hiyo mfanyakazi aliyekuwa akihesabu tofauti ya kodi kati ya Pullman na Kensington ilimbidi aongeze katika hesabu yake kitu kisichopimika kwa dola, nacho ni hofu ya kukosa kazi. Ukaribu wa nyumba na kazi, ambao ulipaswa kuwa msaada kwa mtumishi, uligeuka kuwa bidhaa aliyouziwa kwa lazima.

Mwaka 1893 msukosuko wa fedha uliishika Marekani nzima. Benki zilianguka, reli zilifilisika, na hapakuwa na wa kuagiza mabehewa mapya. Kampuni ilipunguza watu, na wale waliobaki au kurudishwa walikatwa ujira kwa wastani wa asilimia 25 hivi. Wengine walikatwa zaidi ya hapo. Kufikia masika ya 1894 kiasi cha watu 3,300 walikuwa kazini kwa ujira ule mpya. Kodi haikupunguzwa hata senti.

Hoja ya Pullman yafaa ielezwe kwa haki, maana hakuwa mtu asiye na hoja. Alisema kwamba kazi ya kutengeneza mabehewa na kazi ya kupangisha nyumba ni biashara mbili mbalimbali. Mwenye nyumba wa Chicago hapunguzi kodi kwa sababu mpangaji wake amekatwa ujira na tajiri mwingine. Kwa nini basi yeye apunguze? Tena nyumba zile hazikuwa zikileta ile asilimia 6 iliyokusudiwa. Zilileta chini ya asilimia 4. Tena, alisema, kampuni ilikuwa ikichukua kazi kwa hasara ili watu wasikae bure.

Hoja hii ni safi kama barabara za mji wake, lakini ina ufa mmoja. Mwenye nyumba wa Chicago hawezi kuuona mshahara wa mpangaji kabla ya mpangaji mwenyewe. Kampuni iliweza. Sheria ya Illinois ilikataza tajiri kukata madeni katika mshahara, kwa hiyo mfanyakazi alipewa hundi mbili katika benki ya kampuni, moja kiasi cha kodi na ya pili kiasi cha salio. Naye alitazamiwa kuitia sahihi ile ya kwanza na kuirudisha papo hapo. Mchungaji William Carwardine, aliyekuwa na kanisa la Wamethodisti pale mjini, aliandika habari za fundi ambaye baada ya kodi hundi yake ilibaki na senti 2. Fundi yule hakuivunja. Aliitia katika fremu akaiweka. Mshona nguo wa karakana, binti Jennie Curtis, aliieleza tume kwamba baba yake aliitumikia kampuni miaka 13, akafa akidaiwa kodi ya dola 60, na deni lile likatakiwa lilipwe katika ujira wake yeye. Biashara mbili zilizotengana katika hoja zilikutana katika dirisha moja la benki.

Hesabu za kampuni yenyewe zatoa ushahidi mwingine. Katika mwaka ulioishia Julai 1893 mishahara ilifika dola milioni 7.22, na gawio la wenye hisa dola milioni 2.52. Katika mwaka ulioishia Julai 1894 mishahara ilishuka hadi dola milioni 4.47, na gawio likapanda hadi dola milioni 2.88. Msukosuko, basi, uliwafikia watu wa namna mbili kati ya tatu: mfanyakazi aliupata katika ujira, mpangaji aliupata katika kodi isiyoshuka, na hao wawili walikuwa mtu mmoja. Wa tatu, mwenye hisa, hakuguswa.

Mwezi wa Mei 1894 wajumbe wa wafanyakazi walikwenda mbele ya wakuu wa kampuni wakataka ama ujira urudishwe ama kodi ipunguzwe. Yote mawili yalikataliwa. Siku moja baada ya mazungumzo, wajumbe watatu waliachishwa kazi. Kampuni ilisema haikuwa kwa ajili ya ujumbe wao, lakini hakuna aliyesadiki. Tarehe 11 Mei watu waliweka chini vyombo vyao wakatoka.

Mambo yaliyofuata ni mashuhuri na hayahitaji kurefushwa hapa. Chama cha wafanyakazi wa reli kilichoongozwa na Eugene Debs kilitaka shauri liamuliwe na wapatanishi. Kampuni ikajibu kwamba hakuna la kupatanisha. Tangu 26 Juni wanachama wake walikataa kugusa garimoshi lolote lenye behewa la Pullman, na reli za nusu ya Marekani zikasimama. Chama kile kilikuwa na aibu yake: mkutano wake ulikuwa umepiga kura kuwakataa Waafrika wa Marekani wasiwe wanachama, hali watumishi wa ndani ya mabehewa yale yale walikuwa watu weusi. Mwezi wa Julai Rais Cleveland alipeleka askari Chicago ijapokuwa gavana wa jimbo, John Altgeld, alipinga. Watu waliuawa, Debs akafungwa, na mwezi wa Agosti karakana zikafunguliwa kwa wale waliokubali kuapa kwamba hawatakuwa wanachama. Altgeld alifika mjini mwenyewe mwezi ule akakuta maelfu ya watu hawana chakula. Madeni ya kodi, ambayo tangu siku ya kuanza mgomo yalikuwa yamefika kiasi cha dola 70,000, yalizidi kuongezeka. Kwa haki ni lazima isemwe kwamba katika miezi ya mgomo kampuni haikumfukuza mpangaji nyumbani. Lakini nyumba isiyo na mkate ndani ni kivuli tu.

Tajiri alihuzunika kweli kweli. Alijiona kama mtu aliyetenda wema akalipwa ubaya, na marafiki zake walimwunga mkono. Waswahili wana methali ya hali kama hiyo: fadhila ya punda ni mateke. Methali hii hupendwa na watoaji wa fadhila, nao aghalabu husahau kuuliza mzigo ulikuwa mgongoni mwa nani. Mwanamke mmoja wa Chicago, Jane Addams, aliyejaribu kuwapatanisha watu hao akashindwa, aliuliza swali hilo kwa namna nyingine. Katika insha yake iliyotolewa mwaka 1912 alimlinganisha Pullman na mfalme Lear wa Shakespeare, yule baba aliyewapa binti zake vyote na kudai mapenzi kuwa malipo, asiweze kuelewa kwamba mtoto aweza kuwa na nia yake. Addams hakuwasifu wafanyakazi kwa kila jambo. Aliona tu kwamba mtu huweza kuwatendea watu mema mengi bila kushauriana nao hata mara moja, na kwamba wema wa namna hiyo huvunjika siku ya shida.

Tume ya serikali, chini ya Carroll Wright, ilitoa taarifa yake mwezi wa Novemba 1894, nayo ililaumu ukaidi wa kampuni katika ujira na katika kodi. Wakati huohuo jimbo la Illinois liliipeleka kampuni mahakamani. Swali lilikuwa rahisi: je, kampuni iliyopewa hati ya kutengeneza mabehewa yaweza kumiliki mji? Pullman hakungoja jibu. Alifariki Oktoba 1897, na jamaa zake walilifunika jeneza lake kwa saruji na vyuma vya reli kwa kuhofu kwamba kaburi litavunjwa. Mwaka uliofuata mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba hati haikutoa haki hiyo, na nyumba ziuzwe. Katika miaka iliyofuata ziliuzwa. Ajabu ni kwamba mwaka 1896, katika maonyesho ya afya yaliyofanywa Prague, mji ule ulikuwa umepewa tuzo ya kuwa mji mkamilifu kuliko yote duniani.

Historia ya Pullman mara nyingi husomwa kuwa ni historia ya mgomo. Yastahili isomwe pia kuwa ni historia ya nyumba. Kiwanda kinapojengwa nje ya mji, ardhi iliyo karibu nacho hupata thamani ambayo chanzo chake ni kazi ya watu wote waendao pale kila asubuhi. Mwenye ardhi ile aweza kuidai thamani hiyo irudi kwake kwa njia ya kodi, na mfanyakazi hubakiwa na njia mbili: kulipa, au kwenda mbali zaidi. Njia ya pili ndiyo silaha pekee ya mpangaji. Iwapo wakaao mbali hawatendwi vibaya kazini, kodi hupata mpaka wake. Iwapo wanatendwa vibaya, hakuna mpaka ila uvumilivu. Pullman hakukosea kwa kujenga nyumba nzuri, wala kwa kuzijenga karibu na kazi. Alikosea kwa kuzishika funguo zote mbili, ya karakana na ya nyumba, katika mkono mmoja, akadhani kwamba anayeshikwa hivyo atamshukuru.

Nyumba nyingi za matofali zingali zimesimama. Mwaka 1960 ulipoletwa mpango wa kuzibomoa, wenyeji waliungana wakauzuia. Mnara wa saa wa kiwanda uliungua mwaka 1998 ukajengwa tena, na mwaka 2015 mahali pale palitangazwa na serikali ya Marekani kuwa kumbukumbu ya taifa. Ndani ya safu zile wamo watu wenye nyumba zao, ambao hawawezi kutolewa kwa taarifa ya siku 10. Karakana zimekwisha kunyamaza zamani, na wakazi wake huenda kazini mbali, katika Chicago ileile ambayo mji ulijengwa ili kuikimbia. Nyumba zilizowekwa pale ili kazi isikose watu zimeishi kuliko kazi yenyewe.